Kamera Nzima, Njia Mbovu: Uchambuzi wa Boma Moja la Karurumo

Programu ya kamera ina sentensi moja ya kueleza maradhi yake yote: kuunganisha kumeshindikana, jaribu tena. Ukikosea nenosiri, ni hiyo. Rauta ikiwa mbali, ni hiyo. Stima ikiwa hafifu au bando likiwa limekwisha, ni hiyo hiyo. Mtu hujaribu mpaka akachoka, akairudisha kamera dukani, na muuzaji akaiwasha pale kaunta kwenye waifai yake ikashika papo hapo. Kamera nzima. Kibovu ni njia, na njia hiyo ina vipande vingi kuliko kijitabu cha maelekezo kinavyokubali.

Boma ninalolichambua liko chini kidogo ya soko la Karurumo, upande wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu, pale ambapo miteremko ya Mlima Kenya inaanza kushuka kulifuata joto la Ishiara. Nyumba ni ya mawe ya kuchonga, paa la mabati, madirisha yenye grili. Ng'ambo ya ua kuna stoo iliyojengwa kwa mabati matupu kuanzia chini hadi juu, na nyuma yake zizi, kahawa na makadamia. Makadamia ndiyo yaliyoleta kamera. Wezi wa zao hili hawangoji msimu ufunguliwe, na huvuna changa na pevu pamoja. Mama mwenye boma anakaa na kijana wa kazi. Wanawe wako Nairobi, na mmoja yuko Doha. Wakachanga, wakanunua kamera mbili za waifai katika duka la Luthuli Avenue, wakazituma kwa matatu. Moja ya kutazama mlango wa nyumba, nyingine ya kutazama stoo.

Kijitabu kilichomo kwenye kasha kimeandikiwa mtu wa fleti. Rauta iko sebuleni, kamera chumba cha pili, intaneti haipimwi kwa gigabaiti, stima haikatiki. Katika boma hili hapakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na karibu kila tatizo lililofuata lilitokana na pengo hilo.

Anza na kamera ya mlangoni. Haina kibodi wala skrini, kwa hiyo lazima ipewe nenosiri la waifai kwa njia nyingine. Simu hulichukua jina la mtandao pamoja na nenosiri, ikavigeuza kuwa msimbo wa QR, nawe ukaushika mbele ya lenzi. Kamera ikisoma, hutoa mlio. Mlio huo ni kipimo ambacho wengi hukipuuza: ukishausikia, lenzi inafanya kazi, na simu imekwisha kukabidhi ujumbe. Kuanzia hapo kosa litafutwe mbele, kati ya kamera na rauta. Hapa mlio ulisikika vizuri, zikapita sekunde nyingi za kungoja, kisha ikaja sentensi ile.

Jambo la kwanza lililofanywa halikuwa kugusa rauta. Simu ya pili iligeuzwa hotspoti, ikapewa jina fupi lisilo na nafasi wala alama, kamera ikasomeshwa msimbo upya. Ikashika. Nalipenda jaribio hili kuliko mengine yote, kwa sababu halina gharama na linaukata mchezo katikati: kamera ikishika kwenye hotspoti, basi kamera, akaunti na programu havina hatia, na uchunguzi wote unahamia kwenye rauta. Isiposhika, huna haja ya kupoteza jioni yako kwenye kurasa za rauta. Angalizo moja tu. iPhone za miaka ya karibuni hurusha hotspoti kwenye gigahezi 5, na usipowasha ile swichi ya kuifanya ipatane na vifaa vya zamani, jaribio litakudanganya.

Na hapo ndipo penye kiini cha tatizo la kwanza. Rauta nyingi za sasa hurusha mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5, chini ya jina moja, zikajiamulia zenyewe kifaa kipi kiende upande upi. Simu inasikia pande zote mbili, haijali. Kamera nyingi za bei nafuu husikia 2.4 peke yake. Kwa nadharia ingetosha kamera kujiunga na upande inaousikia. Kwa vitendo, baadhi ya rauta hulipuuza ombi la kwanza la kifaa kwenye 2.4 zikitumaini kitahamia 5, na kamera isiyo na pa kuhamia huhesabu kwamba imefukuzwa. Dawa ni kuingia kwenye ukurasa wa rauta, kuyatenganisha majina, na kuipa kamera lile la 2.4. Wenye intaneti ya Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, watakuta swichi ya kutenganisha ndani ya programu yake. Ukiwa kwenye ukurasa huo huo, tazama pia aina ya ulinzi: rauta iliyowekwa WPA3 pekee itaikataa kamera inayojua WPA2 tu, na haitakwambia kitu. Chaneli nayo isizidi 11. Kamera iliyopangwa kiwandani kwa soko la Marekani haizioni chaneli za 12 na 13, ambazo rauta za huku zinaruhusiwa kuzitumia.

Upande wa simu kulikuwa na mambo madogo mawili. Android haiipi programu orodha ya waifai bila ruhusa ya mahali ulipo, na mtu mwenye tahadhari huikatalia programu ya kamera ruhusa hiyo bila kujua. Tena, kama kamera yako hujiunganisha kwa kurusha waifai yake yenyewe badala ya msimbo, zima data ya simu kwa muda. Simu ikiona waifai isiyo na intaneti huikimbia kimyakimya na kurudi kwenye laini.

Majina yakatenganishwa, kamera ya mlangoni ikashika. Ya stoo ikakataa katakata.

Hapa inafaa kueleza rauta ilikuwa wapi na kwa nini. Intaneti ya boma hili inatoka kwenye laini ya simu ya 4G. Rauta iliwekwa chumba cha nyuma, dirishani, kwa sababu hapo ndipo mtandao kutoka mnara uliopo ng'ambo ya bonde ulipokuwa na nguvu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa upande wa mnara na mbaya kabisa kwa upande wa stoo. Kutoka pale, mawimbi ya waifai yalitakiwa kupenya kuta mbili za mawe, yavuke ua, kisha yakutane na mabati. Jiwe hudhoofisha mawimbi. Bati huyarudisha. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi, na kwa wimbi la namna hiyo ukuta wa mabati usio na tundu kubwa ni kioo. Kamera ilikuwa imefungwa chini ya ukingo wa paa, mgongo wake ukiwa umeegemea bati, antena yake imefichwa upande usioona nyumba.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli zenye alama ya kutoa, na programu za bure za simu huzionyesha. Kwa picha za video mimi hutaka isiwe chini ya -67. Kwenye -75 kamera itaunganika na kukatika, na chini ya -80 usijisumbue. Simu iliposhikwa pale pale kamera ilipo, si hatua mbili pembeni, ilisoma chini ya -80. Kamera ilikuwa ikilisikia jina la mtandao, lakini mazungumzo marefu ya kubadilishana funguo yalikuwa yakikatikia njiani, na programu ikarudia sentensi ile ile, kana kwamba nenosiri ni batili. Yule kijana wa kazi alikuwa ameliandika nenosiri upya mara nyingi, kwa uangalifu wote, akijilaumu bure.

Njia ya haraka ni kuchomeka kile kifaa cha kurudia mawimbi kwenye soketi katikati ya njia. Sikipendi. Kinachorudia husikiliza na kusema kwa zamu kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo nusu ya kasi inapotea, tena kikiwekwa mahali penye mtandao mbovu kinarudia ubovu huo huo. Familia ilishauriwa kununua waya wa mtandao, ule wa shaba halisi, si wa alumini iliyopakwa shaba unaouzwa rahisi na kukatika kwenye kona. Waya huo hubeba mtandao hadi mita 100, na stoo ilikuwa mbali chini ya nusu ya hapo. Ukapitishwa ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi. Mwisho wake, ndani ya stoo, ikafungwa rauta kuukuu iliyokuwa imelala kabatini, antena zake zikatolewa nje kupitia nafasi ya chini ya paa.

Kamera ikashika mara moja kwa nguvu ya -45. Na bado programu ikasema haipo mtandaoni.

Tatizo hili la pili la kamera ya stoo ndilo lililonifurahisha kama mchambuzi, maana kila taa ilikuwa ya kijani. Rauta kuukuu bado ilijiona kuwa rauta. Ilikuwa na anwani 192.168.1.1, sawasawa na ile ya chumbani, na bado ilikuwa ikigawa anwani kwa kila kifaa kinachobisha hodi. Kamera ilibisha kwake, ikapewa anwani, ikaambiwa kwamba mlango wa kutokea ni yeye mwenyewe. Lakini rauta ile haikuwa na laini wala mlango wowote wa nje. Kamera ikawa imeunganika vizuri na mahali pasipokwenda popote. Marekebisho ni matatu: izime kazi ya kugawa anwani, ipe anwani nyingine ndani ya mtandao ule ule, kwa mfano 192.168.1.2, na uuchomeke waya kwenye tundu la kawaida, si lile lenye rangi tofauti linalokusudiwa intaneti. Baada ya hapo rauta kuukuu inabaki kuwa kipaza sauti tu cha ile ya chumbani. Fundi akikwambia kamera inashika waifai lakini simu haiioni, tafuta rauta ya pili iliyosahaulika.

Mchana wa kwanza ukapita salama. Jioni mama akapiga simu: "Mwanangu, hiyo ya stoo imelala." Kesho yake asubuhi ikawa imeamka yenyewe. Jioni ikalala tena, saa ile ile.

Kosa linalofuata saa lina watuhumiwa wachache. Mmoja ni mtandao wa simu. Jioni kila mtu yuko nyumbani anatazama video, na mnara hulemewa. Mwingine ni jua. Embu iko karibu na ikweta, na mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi. Giza likiingia kamera huwasha taa zake za infraredi ili ione usiku, na taa hizo hula stima. Watuhumiwa hao wawili hufika eneo la tukio kwa wakati mmoja, ndiyo maana kampuni ya simu hulaumiwa kwa kosa la adapta.

Kuwatenganisha ni rahisi. Mchana kweupe, mtandao ukiwa mwepesi, kamera ilifunikwa kwa kitambaa kizito cheusi ili ijidhani iko gizani. Taa zikawaka, kamera ikazima, ikajiwasha, ikazima. Mnara ukaachiliwa huru.

Adapta yenyewe ilikuwa nzuri, ya volti 5. Kilichokuwa kibaya ni waya. Soketi ya stoo ilikuwa mbali na kamera, hivyo waya wa volti 5 ulirefushwa kwa kama mita 15 za ule waya mwembamba wa kengele. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.2 una ukinzani wa karibu omu 0.086 kwa kila mita. Stima huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30, jumla omu 2.6. Mchana kamera ikivuta ampea 0.3, inapotea volti 0.8 njiani na kamera inapata 4.2, inahangaika lakini inaishi. Usiku ikivuta ampea 0.7, zinapotea volti 1.8, inabaki 3.2, na kwa volti hizo haiwezi kusimama. Ukitaka kuendelea na waya ule ule, tumia adapta ya volti 12 kwenye soketi na uweke kipunguza volti karibu na kamera: mkondo unashuka hadi nusu na chini, hasara inakuwa chini ya volti moja kati ya kumi na mbili, na kamera inapata 5 zake kamili. Ndivyo ilivyofanywa. Kamera zinazolishwa kwa waya wa mtandao zilikwisha kumaliza tatizo hili tangu kiwango chake kitangazwe mwaka 2003, kwa sababu hutumia volti 48 hivi, lakini hizi za Luthuli hazikuwa za aina hiyo.

Sasa likabaki la Doha. Kaka mtu alikuwa amesoma mahali kwamba ili kuiona kamera ukiwa mbali ni lazima ufungue poti kwenye rauta, akawa anamsumbua fundi aliyezifunga kamera afungue. Ushauri huo ulikuwa wa kweli zama za laini zenye anwani yake ya umma. Laini za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Tazama anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa hali ya rauta: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya ukuta wa kampuni, na poti utakayofungua kwako itaangalia ukuta huo. Kundi hilo la 100.64 lilitengwa rasmi Aprili 2012 kwa kazi hiyo. Starlink ya nyumbani nayo hufanya vivyo hivyo. Kamera za sasa hazihitaji poti. Zenyewe hupiga simu nje kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, zikashikilia laini wazi, na simu ya Doha ikiuliza, seva inazikutanisha. Kwa hiyo poti zikaachwa zimefungwa, na ni afadhali. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilijaza jeshi lake kwa kamera na vifaa vilivyokuwa wazi kwa dunia na nenosiri la kiwandani, na tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaiangusha kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zilizoitegemea zikazimika pamoja nayo.

Lililokuwa gumu zaidi kwa Doha lilikuwa bando. Video ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo si picha ya kujivunia, ikitiririka mchana na usiku ni gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera mbili, zidisha. Hakuna familia inayolipa hivyo kwa ajili ya stoo. Kamera hizi huuzwa kwa wazo kwamba picha ziende zikalale mawinguni, na hapo ndipo niliposhauri kuugeuza mpango mzima: rekodi zibaki kwenye memori kadi ndani ya kamera, nje itoke taarifa ya mwendo na picha moja tu, na anayetaka kutazama moja kwa moja atazame kwa ubora wa chini. Zaidi ya kuokoa bando, rekodi inaendelea hata njia ya nje ikikatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikatambaa, kamera iliyotegemea seva ya ng'ambo ilikuwa kipofu. Yenye kadi iliendelea kuandika.

Kando kidogo: mwaka 2014 Safaricom ilipata kandarasi ya serikali ya karibu shilingi bilioni 14.9 ya kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa, na masafa ya megahezi 800 ya 4G yakawa sehemu ya mapatano. Masafa hayo ya chini ndiyo yanayosafiri mbali na kuvumilia mabonde kuliko yale ya juu. Kamera za mjini zilisaidia kuzifungulia njia kamera za shambani, ingawa sidhani kuna aliyepanga hivyo.

Stima nayo. Ikirudi baada ya kukatika, kamera huamka kabla ya rauta kupata laini. Kamera nzuri hujaribu bila kuchoka, nyingine hukata tamaa na kukaa kimya mpaka zizimwe. Betri ndogo ya kushikilia rauta ilinunuliwa, yenye volti zinazolingana na zilizoandikwa mgongoni mwa rauta, na kwa mkato mfupi rauta haizimiki tena. Kwa giza kama lile la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023 haitoshi, na haikununuliwa kwa ajili hiyo. Kamera ya mlangoni pia ilizungushwa kidogo ili isitazame kijia cha majirani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamsamehe mtu binafsi kwa matumizi ya nyumbani tu, na kijia si nyumbani.

Kazi ya mwisho iligusa akaunti. Kamera zilikuwa zimesajiliwa kwa akaunti ya fundi, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kwa sababu ni rahisi. Kamera nyingi za aina hii zikishafungwa kwenye akaunti hazifunguki kwa kubonyeza kile kitundu cha kuziweka upya. Waifai inasahaulika, mwenyewe hasahauliki, na mtu mwingine akijaribu kuiongeza anapewa, bila shaka, sentensi ile ile. Fundi aliziondoa kwenye akaunti yake mwenyewe akiwa bado uani, mama akafungua akaunti kwa nambari yake, kisha akawagawia wanawe ruhusa ya kutazama bila ruhusa ya kubadilisha. Nenosiri la akaunti, la waifai na la ukurasa wa rauta yakaandikwa katika daftari lile lile analoandikia hesabu ya maziwa, ukurasa wa nyuma, pamoja na tarehe ambayo bando huisha kila mwezi.